Nyasi za Kambini

Nyie wajukuu mnaojiandaa kupanda basi Mbezi Luis kwenda Kagera kula Krismasi, kaeni chini kwanza msome. Nimesikia mnataka kukata nyasi mtandike sakafuni kama zamani. Mie niliishia darasa la nne, lakini habari za nyasi nazijua.

Siku waliyovuka mpaka wale wanajeshi wa kigeni, nilikuwa nageuza kahawa kwenye jamvi. Koku, mdogo wake babu yenu, akaanza utani wake.

"Wifi, kaka yangu alikuoa wewe au alioa kahawa? Maana hata kula huli!"

"Olewa na wewe, tukuone utakavyokula."

Kabla hatujamaliza kucheka tukasikia mizinga.

Tukakimbilia ng'ambo ya mto, mama yenu Asimwe nimemshika mkono. Nyuma yetu wale watu wakaigeuza shule iliyo bondeni, chini ya shamba letu la migomba, kuwa kambi. Wakalala madarasani, madawati wakayafanya kuni.

Jeshi letu lilipowafukuza, tukarudi. Nyumba haikuwa na bati wala mlango. Tulishangilia hivyo hivyo. Wameondoka!

Sasa, kwetu nyumba isiyotandikwa nyasi haijawa nyumba. Mama mkwe akasema hakuna kulala mpaka tutandike. Na nyasi nzuri zilikuwa wapi? Kule kambini, kandokando ya mahandaki yao, maana muda wote ule hakupita ng'ombe. Ndefu, laini. Kila mwanamke aliyerudi alizitamani.

Koku akachukua mundu. Asimwe akamfuata shangazi yake.

Mie nafagia. Nikasikia sauti ya Koku kutoka bondeni.

"Asimwe, kimbia kwa mama! Nimesahau kamba, kaniletee kamba!"

Nikaendelea kufagia.

Halafu mlipuko.

Nilimkuta Asimwe njiani, mzima, hana hata mkwaruzo. Akanyoosha mkono. "Mama, shangazi anataka kamba."

Tulipomwinua Koku, kamba ilikuwa kiunoni kwake. Hakuwa ameisahau. Nadhani mundu ulinasa kwenye kitu walichokifukia wale, akakiona, akaogopa kuuvuta mpaka mtoto afike mbali.

Tulimzika kwenye migomba. Wanajeshi wetu wakaja wakafukua vyuma vingine, wakasema vimekwisha. Shule ina watoto tena, na usiku nalala bila kusikiliza nje. Nashukuru. Mama yenu yupo, ndiyo maana na nyie mpo. Lakini Koku hakuolewa, wala hana mtoto wa kumtaja jina. Mnaomtaja ni nyie.

Jana Asimwe aliniambia, "Mama, pale pameshakaguliwa, waache watoto wafurahi." Nikawaita nyote sebuleni, hapa hapa Madale, nikasema mara moja tu:

"Nunueni mkeka mwende nao, mtandike huo. Bondeni kwa Koku asishuke mtu na mundu."