Nilienda kushika watu wa utafiti juu ya capsule za mathe, nikashika kikundi cha maombi

Niaje wakuu. Hii sikuambiwa na mtu, ilitokea kwetu Kiamunyi nikiona na macho yangu. Mkitaka kubisha, ngojeni nimalize.

Kuna watu wa utafiti walikuja kanisani kwa mathe, mama yangu, wakitafuta wazee wa kujaribu supplement fulani ya antioxidant. Ati inasaidia mishipa ya damu na ule udhaifu wa uzee, ile ya mtu kuinuka kwa kiti akishikilia meza. Unapimwa nguvu za mkono, unatembezwa waone mwendo, halafu unabeba chupa ya capsule nyumbani. Bure.

Bure? Kenya hii? Hapo tu nikaanza kunusa kitu.

Mathe walimkataa. Damu iliwahi kumganda mguuni, so anameza dawa ya kuifanya iwe nyepesi, na wakasema hiyo na capsule zao haziendi pamoja. Mimi nikashukuru Mungu. Yeye akanuna wiki nzima, maana marafiki zake watatu wa kikundi cha maombi walichukuliwa.

Sasa skizeni. Baadaye naona mathe ana alama nyeusi mikononi, ni kama amegongwa. Asubuhi moja akipiga mswaki, sinki yote damu. Nikaingia bedroom yake, nikainua leso zake, nikapata capsule. Zile zile za utafiti!

Wakuu, nilichemka. Nikajua hawa jamaa walimkataa mbele ya watu halafu wakamrudia kisirisiri. Nikampeleka kliniki yao mbio na nikafoka hadi watu wa laini wakasimama. Nesi alimtoa damu ya kupima kwanza, akaita daktari, ndio akamuuliza mathe polepole, "Mum, nani amekupea?"

Mathe akaangalia viatu, ndio akasema ukweli.

Kumbe ni wale marafiki. Waliambiwa wengine wana capsule ya ukweli na wengine ya unga tu, na hakuna anayejua yake ni gani. Wakaona huo ni ubaguzi. Kila Alhamisi baada ya maombi walikuwa wanamwaga zote kwa sufuria moja, wanachanganya, wanagawa mafungu manne. La nne ni la mathe.

"Sasa wangemezaje nikiwaangalia?" akaniuliza. Na ni yeye amekasirika!

Daktari alimrekebishia dawa, damu ikaacha. Wale watatu wakatolewa kwa utafiti. Nesi nilimwomba msamaha, ingawa hao watu wa vitu za bure bado siwaamini, na hamtanibadilisha.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nachunguza wageni tu, na wenye walikaribia kunimalizia mama ni watu wanampenda. Mzazi wako akikataliwa dawa, ambia marafiki zake pia.

Alhamisi iliyopita wale marafiki walikuja na uji. Nikaonja wa mathe kwanza. Akaniangalia, akanisukumia kikombe. "Kunywa nusu. Hata zile capsule ningekugawia."

Wakuu, ungekuwa wewe ungewafungia gate? Semeni, nasoma zote.