Matofali ya Mama Mdogo Kabula

Udongo mbichi una harufu yake ukikandwa kwa miguu asubuhi, kabla jua halijaupasha. Unanuka mvua iliyokaa ardhini muda mrefu, nyasi zilizooza, na kitu kingine kama chuma kilicholowa. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea Segese likizo ile niliyopelekwa kwa mama mdogo Kabula, kitindamimba wa bibi yangu. Nilikuwa darasa la tatu. Mama mdogo alikuwa ameolewa muda si mrefu, na nyumbani kwetu Ushirombo bibi aliona haifai bi harusi akae ugenini bila mtoto wa kumsaidia kuchota maji na kumwondolea upweke. Basi nikakabidhiwa kwa kondakta wa basi pamoja na jogoo aliyefungwa miguu, na nilipofika niliwakuta mama mdogo na mumewe wako ndani ya shimo la tope hadi magotini, wamepandisha nguo, wanakanyaga udongo wa matofali huku wakicheka. Mama mdogo alinikumbatia na tope lake lote. Gauni langu la safari likaharibika papo hapo, na hakuna aliyejali.

Mumewe, baba mdogo Maganga, alikuwa fundi pikipiki pale senta. Ujana wake wote aliumalizia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoteremka gizani kwa kamba na magogo, na bibi alikuwa amekataa katakata kumtoa binti yake kwa mtu wa namna hiyo. Alikubali baada ya Maganga kuapa mbele ya wazee kwamba hatagusa tena dhahabu wala kukaribia mwalo, mahali wanapooshea mawe yaliyosagwa. Na kweli aliacha. Alinunua spana, akakaa chini ya turubai kando ya barabara, akawa anarudi nyumbani akinuka oili. Mama mdogo alisema harufu ya oili ni tamu kuliko manukato, na mimi na watoto wa jirani tulimcheka sana kwa maneno hayo.

Kiwanja chao kilikuwa pembeni mwa senta, na nyuma yake palikuwa na kilima kidogo kilichoota majani, ambacho kila mtu alidhani ni kichuguu cha zamani. Udongo wake ulikuwa mwekundu, unashikana vizuri. Tuliuchimba, tukaukanda, tukafyatua matofali kwa kibao cha mbao na kuyaanika chini ya majani ili jua lisiyapasue. Majirani walikuja kusaidia, hasa Mama Shija, aliyekaa nyumba ya pili, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alibeba maji kichwani tangu siku ya kwanza na kutuazima masufuria yake yote. Jioni mama mdogo alikuwa akipita kati ya safu za matofali akiyagusa moja moja kama mtu anayekagua vifaranga, akimwambia mumewe hili litakaa dirishani, hili litakaa upande wa kichwa cha kitanda.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule. Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, baba mdogo alishuka, akamshika mke wake mkono, wakaingia ndani wakacheza bila muziki wowote juu ya sakafu ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imesiribwa, wakaiachia alama za nyayo. Mama mdogo alikataa zisifutwe. Kitanda kililetwa juu ya bodaboda, godoro likaja siku nyingine, na mapazia alishona mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye vitenge vya harusi. Walialika majirani, tukapika wali na nyama ya mbuzi, Mama Shija akashika mwiko kama mwenye nyumba. Wakati wa kula alisimama akawaombea Mungu wazeekee ndani ya kuta zile. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia kwa sauti kubwa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona watu wazima wakifurahi kiasi kile kwa ajili ya ukuta.

Kuta zilikuwa bado hazijapigwa lipu. Mvua ya upepo ikaja, ikapiga upande mmoja wa nyumba, na kona ya ukuta ikamomonyoka kidogo. Baadaye tulisimuliwa kwamba kijana mmoja mchimbaji alijibanza pale chini ya bati mvua isimloweshe, akaona udongo ulioanguka, akauokota tu kwa mazoea yake, akauosha kwenye karai. Chini ya karai pakabaki mstari mwembamba wa njano. Kile tulichokiita kichuguu kilikuwa kifusi, udongo uliotupwa na wachimbaji wa zamani, watu waliochimba na kuondoka kabla hata Segese haijawa na maduka. Sisi hatukujua lolote. Jumapili iliyofuata tulivaa vizuri, mama mdogo akafunga mlango kwa kufuli jipya, tukaenda misa.

Tulirudi mchana. Tukiwa bado mbali tulisikia kelele za majembe, na baba mdogo akasema huenda kuna msiba, watu wanachimba kaburi. Tulipokunja kona nikaona bati letu liko chini. Nilidhani ni upepo. Halafu nikaona watu, wengi, wanaume na wanawake na wengine niliosali nao asubuhi ile ile kanisani, waliotutangulia kutoka misani, wameizunguka nyumba, kila mmoja na jembe au sururu au mikono mitupu, wanang'oa matofali na kuyajaza kwenye viroba. Hakukuwa na ugomvi. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Walifanya kazi kimya na kwa haraka, kama watu wanaovuna kabla mvua haijanyesha. Ukuta wa mbele ulikuwa umekwisha. Kitanda kilionekana waziwazi juani na shuka lake lililotandikwa, na mtu mmoja alikuwa amekisogeza kwa adabu ili asikichafue.

Mama Shija alitoka kati yao na kiroba kichwani. Alitukuta uso kwa uso njiani. Sikuzote nilikuwa mimi wa kwanza kumwamkia, lakini siku hiyo alinitangulia yeye.

"Mwadila, mayu," akamwambia mama mdogo, salamu ile ile ya kila mchana, kisha akatupisha njia na kwenda zake kwa hatua zake zile za taratibu.

Mama mdogo aliitikia. Nimewahi kumuuliza kwa nini aliitikia, akasema hata yeye hajui, ulimi ulijisemea wenyewe. Alibaki amesimama na mkoba wa kanisani mkononi, macho yake yanatembea kutoka mtu hadi mtu kana kwamba anatafuta mmoja wa kumweleza kwamba pametokea makosa. Mimi nilimwangalia baba mdogo, nikisubiri awafukuze. Alikuwa na kifua kipana na kila mtu pale senta alimheshimu. Alivua koti lake akanipa nilishike. Alikwenda mbio, na nikajua sasa wataona. Akanyang'anya mtu mmoja sururu. Akaingia nayo hadi kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ambao ulikuwa bado umesimama na pazia lake, akainua sururu akaupiga.

Mama mdogo alimfuata taratibu hadi akawa nyuma yake.

"Maganga," alisema. "Hicho ni chumba chetu."

Hakugeuka. "Nisipobomoa mimi watabomoa wao, Kabula. Bora tupate chochote."

Akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nyembamba, ya mtu nisiyemjua, na macho yake yalikuwa yanafuata udongo unapodondoka wala si mke wake. Nilishika lile koti hadi vidole vikaniuma. Mama mdogo alikusanya shuka, mapazia na masufuria, akavifunga mzigo mmoja, akanishika mkono. Tulilala kwa katekista, na asubuhi tukapanda basi kurudi Ushirombo. Bibi alipotuona tunaingia uani na mzigo ule alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Dhahabu yenyewe ilikuwa kidogo, chembechembe. Watu waliosha, wakagombana, wakaondoka, na pale palipokuwa na nyumba pakawa shimo la maji. Baba mdogo alibaki huko akiosha mabaki kwa muda, kisha akarudi kwenye maduara, kisha siku moja wakati wa palizi akaonekana kwenye njia ya nyumbani kwetu, amekonda, mikono mitupu. Mama mdogo alimwona, akaendelea kupepeta mchele. Bibi akampa jembe na mkeka wa kulalia ghalani. Alilima msimu mzima bila kuitwa sebuleni, na jioni alikuwa akikaa mbali kidogo na moto wetu akisikiliza tunavyoongea. Hakujitetea. Nilimpelekea chakula kila siku na sikujua nimwite nani, kwa sababu kwa mawazo yangu ya kitoto baba mdogo wangu alikuwa bado amesimama Segese amenipa mgongo.

Walirudiana. Walipata shamba Ushetu, na kabla ya kufyatua hata tofali moja mama mdogo aliomba karai, akachota udongo wa kile kiwanja, akauosha mwenyewe mbele ya mumewe. Aliuosha hadi likabaki karai tupu. Aliligeuza juani, akalitazama kwa makini, akasema hapo wanaweza kujenga. Nyumba ile ipo hadi leo, ya matofali ya kuchoma, wamezalia humo watoto wao na kuwalea kwa tumbaku na mahindi. Ni nyumba yenye amani. Lakini tangu wakati huo sijawaona wakicheza.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Segese. Ningepotea kama nisingeuliza. Kuna maghorofa, nyumba za wageni, maduka ya simu, na lile shimo limefukiwa, pamejengwa vyumba vya kupanga vilivyopakwa rangi ya machungwa. Nilikuwa nimesimama hapo nikijaribu kukisia chumba kipi kilikuwa wapi, wakaja kijana na binti wakishusha godoro jipya kutoka kwenye bajaji, likiwa bado ndani ya nailoni yake. Halikutaka kupita mlangoni. Walilikunja, likawafyatukia, binti akaanguka nalo kibarazani akicheka hadi machozi, naye kijana akicheka kwa kumtazama. Waliponiona waliniamkia kwa heshima, shikamoo mama, na binti akaniomba radhi kwa kuziba njia. Mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu Kahama, nina maneno ya kutosha ya kuwaambia vijana. Niliitikia marahaba. Nikawasaidia kulisukuma godoro lile hadi ndani, kisha nikatoka upesi, kwa sababu nilijikuta nimeweka kiganja changu ukutani, kama mama mdogo alivyoyagusa matofali yake, na sikutaka kukitoa.