Mzee wa Kanisa Alipokuja Kutupatanisha

Mimi na mume wangu hatujawahi kujua kunong'ona. Mimi nimezaliwa Kanazi, ambako ukitaka chumvi kwa jirani unaiomba kwa kupaza sauti kuvuka migomba. Yeye ni wa Muleba, na kwao ni hivyo hivyo. Tulipohamia mjini, mtaa wa Rwamishenye, kwenye nyumba zilizobanana, nilishangaa majirani walipoanza kunitazama kwa huruma.

Kumbe kelele zilikuwa zimeongezeka, nasi hatukujua. Mtoto wetu wa miaka minne alifungulia televisheni hadi mwisho, tukapaza sauti kuishinda. Nikimwita kwa upole haji, nikimwita kwa ukali anakuja. Nikasema huyu ana kichwa kigumu kama ukoo wa baba yake, na hilo pia nililisema kwa sauti.

Masikio yalimsumbua tangu akiwa mchanga. Kila mafua yaliishia sikioni. Sikio likitoa usaha natia pamba, likikauka namshukuru Mungu na kurudi kwenye duka langu la vitenge, mtaa wa Bakoba. Mama mkwe alikuwa na tiba yake: anamlaza mtoto mapajani, anavuta kiko, anampulizia moshi sikioni. "Moshi unakausha," alisema. Samaki hukaushwa kwa moshi, nikaona labda na sikio.

Jumapili moja jioni, mzee wa kanisa akabisha hodi. "Nyegera, waitu," nikamkaribisha, nikamletea kahawa ya kutafuna. Akatafuna kidogo, kisha akatuuliza kama tunapigana.

"Kupigana?" mume wangu akapayuka. "Nani kasema?"

"Hata mimi nimekusikia toka barabarani, mwanangu."

Mzee akazima televisheni, akatupa sharti: kila mmoja aseme yake kwa zamu, kwa sauti ya chini. "Sikio la kufa halisikii dawa," akatuonya.

Tukanong'ona. Afadhali kulima. Tulipokwama, mzee akamgeukia mtoto aliyekuwa mkekani akicheza na gari lake, ametupa mgongo. Akamsalimu kwa upole. Kimya. Nikafungua kinywa nimkaripie, mzee akaninyamazisha kwa mkono. Akamwita kwa jina, polepole. Baba yake akamwita. Nikamwita mimi, kwa sauti ambayo mama yeyote humwitia mwanawe. Aliendelea kusukuma gari.

Miezi yote ile nilikuwa nikimwita mkaidi.

Asubuhi mzee alitupeleka hospitali kwa pikapu yake, akisema kazi yake ya kutupatanisha haijaisha. Daktari akachungulia: sikio moja ngoma yake imetoboka, la pili lina majimaji nyuma ya ngoma. Akaanza kuuliza. Mtoto alikuwa ananyonya chupa akiwa amelala chali? Ndiyo, chupa ilinipa nafasi ya kupima vitenge vya wateja. Jikoni kuna moshi? Upo. Nani anavuta sigara nyumbani?

Mume wangu akamtazama mzee wa kanisa, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

"Hakuna kabisa?" Daktari akaweka vidole viwili mdomoni, kama anavuta.

Mtoto wangu, ambaye hakuwa amesikia neno hata moja, akafurahi sana kuelewa jambo. Akamnyooshea baba yake kidole. Mzee akainua macho kutazama dari.

Nilitaka kucheka, lakini daktari hakucheka. Alisema tungechelewa zaidi, ugonjwa ungeweza kuingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na masikio yenyewe yasirudi tena. Akatupa dawa na tarehe ya kurudi kliniki, akapiga marufuku moshi. Kiko cha mama mkwe kikahamia migombani, sigara ya mume wangu ikakifuata huko, na nasikia mama na mwana sasa wanaelewana kuliko zamani.

Masikio yalichukua muda. Kila wiki nilijifanya nimeangusha kijiko nyuma yake, nikaomba kimoyomoyo ageuke.

Halafu siku moja, mvua ikiwa imekatika, nilimwambia mume wangu aniletee sufuria, naye akanijibu haioni. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida kabisa. Mtoto akatokea mlangoni ameziba masikio, machozi yanamlengalenga.

"Mama, wewe na baba mnagombana?"

Nikamkumbatia, uso wake begani kwangu, mahali ambapo hawezi kuuona mdomo wangu, nikanong'ona, "Hatugombani, mwanangu."

"Haya," akasema.