Makubadhi ya Mke Mwenza

Jumamosi, 11 Januari. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na kibaridi cha kutaka shali.

Shangazi yangu kaja kututazama kutoka Unguja, anarudi kesho. Alitaka kuona kitu cha bure, nikampeleka Matrah, mtaa wa bandarini hapa mjini kwetu, kwenye nyumba ya zamani walimoishi watawa wa Kikristo, sasa makumbusho. Tulikwenda kwa basi, maandazi kwenye mkoba. Labda ningechagua pengine. Mimi si mjuzi wa mambo haya.

Mlangoni Shangazi akavua makubadhi.

"Shangazi, hapa watu huingia na viatu."

"Nyumba ya watu hii, mwanangu. Tena watu wa ibada."

Nikaona ana haki, nikavua na mimi. Nyuma yetu walikuja wazungu wa meli ya kitalii. Wakatutazama, wakainama, wakavua wote. Mlinzi alipotokea akaduwaa mbele ya rundo lile, kisha, maskini, akavua vyake.

Ndani mlikuwa na vitanda vyembamba na kinara cha mshumaa. Nadhani na msalaba, lakini siwezi kuapa, maana Shangazi alishatangulia kutoka, nikasikia ukelele.

"Makubadhi yangu!"

Wazungu wameshaondoka. Pamebaki viatu vyangu, vya mlinzi, na raba kubwa za rangi ya waridi.

Na makubadhi si yake hasa. Kayaazima kwa mke mwenzake, naye kampa kwa masharti.

"Atasema nimeyauza, yule! Siku zote anangoja nikosee!"

Shangazi akazivaa zile raba, tukateremka mbio hadi lango la bandari. Mbio zake sijapata kuziona.

Tukamkuta mama wa Kizungu kasimama, anaitazama miguu yake. Mwongozaji wao akatufasiria: sakafu ilikuwa baridi, akadhani makubadhi ni ya nyumba, yamewekwa kwa ajili ya wageni. Simlaumu. Rundo tulilianza sisi.

Akayavua, akaomba radhi. Shangazi hakutikisika.

"Shangazi, vua na wewe."

"Ngoja kwanza. Humu magoti hayaniumi."

"Shangazi!"

Akavua, polepole mno. Njia nzima ndani ya basi ananung'unika: "Makubadhi yenyewe yananibana. Nnamhurumia mwenye nayo."

Sasa kayafunga kwenye kanga, yamo sandukuni. Kesho atasafiri na ndara zangu. Usiku tumekula bokoboko la kuku, na yale maandazi tuliyoyasahau mkobani.