Wema Uliofyeka Ufukwe wa Ardith

Watu wa Ziwa Pickett hatumwachi jirani. Ukilazwa hospitali, siku ya kurudi utakuta nyasi za uwanja wako zimekatwa, gati limepakwa rangi, na jokofu limejaa viazi vya kuoka kwa jibini ambavyo hutavimaliza mpaka theluji ianguke. Hatukuulizi kama unataka. Kukuuliza ni kukutia aibu ya kuomba. Nimezaliwa hapa, kaskazini mwa Michigan, na mpaka mwaka juzi nilijivunia desturi hii. Siku hizi nikimwona mtu anapakia mashine ya kukatia nyasi kwenye pikapu aende kumsaidia mgonjwa, roho inasononeka.

Verlyn Dykhuis alijenga kuta za ufukweni kwa miaka thelathini na moja. Kuta nyingi za ziwa letu ni kazi ya mikono yake, na alikuwa fundi kweli. Alijenga hata mbele ya nyumba yake, ingawa mkewe, Ardith, alimsihi asijenge. Ardith alipenda kulala dirisha likiwa wazi asikie vyura. Ukuta ulipokamilika vyura walinyamaza, maana chura hapandi zege. Na wimbi la boti likigonga ukuta halifi. Hurudi nyuma, likachimba chini, likala ardhi ya jirani, na jirani naye akaja kwa Verlyn kutaka ukuta.

"Biashara ilikuwa inajizaa yenyewe," aliwahi kuniambia, wala hakucheka.

Ardith alifariki mwezi Machi. Mwezi Mei Verlyn akachukua nyundo kubwa akaanza kuubomoa ukuta wake mwenyewe. Tulidhani msiba umemchanganya akili. Kumbe alikuwa ameanza kusoma. Akiwa na miaka sitini na nane alikaa darasani na watoto wa chuo, akajifunza kuushika ufukwe kwa mizizi: magogo ya makumbi ya nazi yaliyofungwa kwa kamba kando ya maji, nyuma yake matete na ndago, na juu zaidi vijiti vya mierebi vinavyochomekwa ardhini bila hata jani moja. Akapanda palepale ukuta ulipokuwa. Halafu akaanza kufundisha wengine, wakandarasi, watunza bustani, na wakata miti kama mimi. Tulisoma siku tano, tukafanya mtihani, tukapewa cheti. Wakubwa wa chuo waliokubali darasa liwe kwetu walitoa sharti moja tu. Lazima uwepo ufukwe wa mfano uliotimiza misimu mitatu, nao wangekuja kuukagua Agosti ya mwaka wa tatu. Ufukwe wenyewe ulikuwa huo wa Ardith. Ukifa, na darasa linakufa.

"Mwaka wa kwanza mtachekwa," alituambia siku ya kwanza. "Wa pili mtachekwa zaidi. Wa tatu mtaona faida, lakini mkitazama chini ya udongo. Kazi iko huko."

"Na mwenye nyumba akitaka nyasi fupi mpaka majini?" nikauliza.

"Mwambie akaishi uwanja wa gofu. Lorne, nisikilize. Kupanda si kazi, hata kindi anapanda. Kazi ni kumzuia mwenye nyumba akiwa ameshika mashine."

Ndiyo maana mtihani wake ulikuwa na sehemu ya mdomo. Yeye alijifanya mwenye nyumba mkaidi, anasukuma mashine kuelekea majini, na mwanafunzi anatakiwa amzuie kwa maneno. Mimi nilimzuia vizuri sana. Nilimweleza habari za mizizi, nikamtania, nikashika mpini wa mashine na kumrudisha nyuma taratibu. Akanipa tisini na sita kwa mia. Hakuna aliyewahi kufika hapo.

Majirani hawakuuelewa ufukwe ule, lakini walimpenda Verlyn. Marlys Tubergen, mwenyekiti wa chama chetu cha wakazi, alikuwa akipita na boti yake anapaza sauti: "Verlyn, dubu ameshazaa humo?"

"Ameshazaa, Marlys. Ana njaa. Sogea karibu."

Mwezi Juni wa mwaka wa tatu alinipigia simu jioni moja, akasema njoo, basi. Nikamkuta amekaa gatini. Vyura walikuwa wanalia kwenye matete, wengi. Verlyn alivua kofia akaiweka magotini, na machozi yakamtoka bila kujificha. Akasema, "Miaka kumi na tisa nilimnyima hawa."

Wiki iliyofuata moyo wake ukaleta shida, akapasuliwa.

Tarehe mbili Julai Marlys akanipigia. Siku ya Uhuru gwaride la maboti lingepita mbele ya nyumba ya Verlyn, na mwenyewe angerudi wiki ileile. "Asije akakuta pori, maskini. Lete mashine zako." Nikazipeleka. Nilidhani ni uwanja tu. Tulikuwa kumi na wawili, tuna kahawa na maandazi, tunataniana, na uwanja ukaisha kabla ya saa nne asubuhi. Ndipo Marlys akaonyesha kidole majini.

"Na hapo."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu, na safari hii haukuwa wa kuigiza. Marlys alipofiwa na mumewe, Verlyn alimkatia nyasi majira yote ya joto, na siku hiyo mama wa watu alikuwa anang'oa matete huku analia, kwa furaha ya kulipa wema. Wenzake walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Ningewaambia nini?

Nikasema, "Labda tungemuuliza Verlyn kwanza."

"Ana mipira puani, Lorne," Marlys akanijibu. "Tumuulize nini, rangi ya maua?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikaishika mierebi nikaanza kukata. Nyuma yangu waliyavuta magogo ya makumbi kwa mnyororo wa pikapu, wakayaita magunia yaliyooza, kisha wakamwaga mchanga mweupe lori mbili na kuchomeka bendera juu yake. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Tulitenda, tukaenda zetu, tukaona tumemtengenezea.

Aliporudi tulikuwa tumejipanga barazani na pai ya cheri. Aliutazama ufukwe muda mrefu, ameshikilia mlango wa gari.

"Mmefanya kazi kubwa," akasema. "Asanteni."

Akala pai yote aliyokatiwa. Sahani ya Marlys aliirudisha kesho yake, imeoshwa. Kwetu hakuna jibu jingine kwa wema, na siwezi kusema kama hiyo ni adabu au ni woga. Kwangu mimi ulikuwa woga.

Siku hiyohiyo ya sahani aliniita kando ya barabara, kwenye rundo la tulivyofyeka. Alikuwa ameshika kijiti cha mwerebi, anakigeuza.

"Hiki kimekatwa mshazari, kama nilivyofundisha. Nani alikata?"

"Mimi."

"Ulikuwepo tangu mwanzo?"

"Nilikuwepo."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia labda tukuulize."

Akakirudisha kijiti kwenye rundo. "Tisini na sita," akasema, akaingia ndani.

Wakaguzi walikuja Agosti, wawili, vijana wenye heshima. Wakapima mchanga, wakaandika, wakampa mkono. Darasa likafungwa. Jina langu liko kwenye orodha ya mwisho ya waliofaulu, juu kabisa.

Oktoba upepo ukaushika ule ufukwe mtupu. Mchanga uliondoka wote, kisha ardhi yenyewe ikaanza kumeguka, mpaka ukingo ukabaki hatua sita kutoka barazani. Verlyn akanipigia.

"Njoo na mashine ya kuchimbia. Kibali ninacho. Nataka ukuta."

"Nitapanda upya, Verlyn. Mwenyewe, bure. Nakuomba."

"Mizizi inataka misimu mitatu. Daktari amenipa mmoja, na huo nao kabahatisha."

Nikaenda. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, amejifunga blanketi la Ardith, akanifundisha kazi ambayo aliapa hatamfundisha mtu tena. Alifundisha vilevile kama darasani, kwa subira, jiwe kwa jiwe. Marlys alituletea kahawa, akasimama kidogo akitazama. "Sasa pamependeza," akasema, na alimaanisha.

Siku ya tatu nilifika kwenye jiwe la kona.

"Ligeuze," Verlyn akasema. "Uso bapa utazame ziwa. Liwe laini kabisa."

Nikaligeuza. Akainuka kwa shida, akapitisha kiganja juu yake mara mbili.

"Vizuri," akasema. "Hapo chura hapandi."