Mama Jiko na Njia Anayoifunga kwa Mawe

Saa moja asubuhi, kwenye lango la hifadhi, Mama Jiko anatundika mzigo wake kwenye ndoano ya mizani: jiko la gesi, sufuria tatu zilizovalishana, birika na boksi la vikombe. Mshale unatikisika, kisha unatulia kwenye kilo kumi na tisa na nusu. Mwisho unaoruhusiwa ni ishirini.

"Hiyo nusu iliyobaki ni ya mdomo wako," mpima mizigo anamtania.

"Mdomo wangu usiuguse, baba. Utavunja mizani ya serikali."

Anapiga goti, anapitisha mikono kwenye kamba, anasimama kwa pumzi moja. Ana miaka arobaini na minne. Kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza akiwabebea mizigo watu wanaokwenda kuuona Uwanda wa Maua, kule juu miti inakokoma na upepo kushika usukani. Kwa wiki saba za mwaka, maua madogo kama vifungo vya shati husongamana pale hadi udongo hauonekani. Wageni hupanda siku ya kwanza, hulala kwenye mahema ukingoni mwa uwanda, hushuka kesho yake.

Wapagazi hamsini na wawili wanategemea wiki hizo saba. Malipo ya safari moja hulisha nyumba ya Mama Jiko siku tisa, mumewe fundi viatu akiongeza cha chumvi. Na mwaka huu wote wanafanya kazi roho mkononi, kwa sababu afisa wa hifadhi ametoa neno: akiona unyayo mmoja mpya kwenye njia ya mkato inayoupasua uwanda katikati, kambi itafungwa miaka mitano. Zimebaki siku kumi na mbili msimu uishe.

Njia hiyo ya mkato aliianzisha Mama Jiko mwenyewe.

Hafichi, na wala hasubiri kuulizwa. "Andika," ananiambia tukiwa hata hatujafika mtoni. "Andika ni mimi. Wenzangu wanajua, afisa anajua, mama yangu mzazi anajua. Bado gazeti tu."

Katika kazi hii kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: maji yawe yamechemka kabla mgeni hajavua buti. Kwa hiyo anayebeba jiko hukimbia. Miaka minane iliyopita, mchana wa mvua, kundi la wageni vijana wenye miguu mirefu lilimpita mlimani. Njia halali huzunguka uwanda kwa juu, kwenye mawe, mwendo wa dakika arobaini. Kukata katikati ya maua ni dakika saba.

"Nikajiambia, leo tu. Nikavua viatu nisikanyage sana, eti mjanja! Chai ikawa tayari, wageni wakanisifu. Kesho yake mwenzangu akaona alama zangu, naye akapita. Na wa nyuma yake akapita. Wageni wakaona wapagazi wanapita, wakajua ndiyo njia."

Msimu ulipoisha njia hiyo ilikuwa na upana wa kitanda. Mvua mbili zilizofuata zikaichimba, ikawa mtaro wa mita mia mbili na kumi, mwekundu, usioota kitu. Huko juu baridi haina huruma, na mmea uliokanyagwa mara chache huchukua miaka kurudi.

Miaka mitatu iliyopita alimwendea afisa wa hifadhi akaomba kibali cha kuufunga. Mtoni hapo chini ndipo kazi huanzia. Kila safari, juu ya kilo zake ishirini zisizotimia, Mama Jiko huokota jiwe moja bapa na kulibeba kwa mkono hadi juu. Hulipanga kukingama mtaro, maji yapunguze mbio na udongo utulie. Siku zake za mapumziko hupanda tena bila mzigo, akatandaza nyasi kavu kati ya mawe na kukung'uta juu yake mbegu za maua ya pembeni.

"Mama yangu akaona kucha zangu zina udongo, akaniuliza, 'We mtoto, umeajiriwa kubeba au kulima?' Nikamwambia, nalima nilichokanyaga. Akasema, 'Basi lima kimyakimya, kabla hawajakudai na kodi.'"

Leo anaokota jiwe lake. Nyuma yake mpagazi wanayemwita Ngazi, kwa urefu wake, anaokota la kwake huku akiguna. Siku hizi karibu wote hufanya hivyo. Ngazi anasema amechoka tu kusemwa.

Saa nane mchana tunafika njia panda, na mvua inafika pamoja nasi. Kwanza matone, halafu mawe ya barafu yanayogonga sufuria mgongoni mwa Mama Jiko kama ngoma. Wageni tisa, wafanyakazi wa hospitali moja ya mjini, walitutangulia wakati wapagazi wakifunga upya mahema yaliyolegea. Tunawaona ng'ambo, kambini, wamejikunyata chini ya turubai. Kati yetu na wao kuna dakika saba.

"Mama Jiko," Ngazi anaita. "Leo tu. Mungu mwenyewe anaiona hii mvua."

Mama Jiko anajifuta uso. "Leo tu ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Wale watu watatuandika vibaya!"

Hilo si tishio la mchezo. Wageni hujaza fomu ya maoni, na fomu ndiyo huamua nani ataitwa safari ijayo. Mwaka jana lalamiko moja tu lilimkosesha Mama Jiko safari mbili.

"Waandike. Wino utakauka," anasema, na kushika njia ya juu. "Na wewe shemeji na miguu yako ya twiga, ukiteleza usinishike mimi. Nimebeba vyombo."

Ngazi anatukana mvua, anatukana mlima, anatukana siku aliyozaliwa. Lakini anafuata. Kwa dakika arobaini tunazunguka kwa juu. Mawe yanateleza kama sabuni, na mara mbili Mama Jiko anatambaa kwa magoti na mkono mmoja, jiwe lake bapa kalikumbatia kifuani kwa mkono wa pili.

Tunafika kambini. Kiongozi wa safari anatazama saa yake. Mgeni mmoja, daktari wa meno mwenye umri wa mama wa watu, anatetemeka hadi kofia inacheza.

"Dada, tuliwaona pale," anasema, akionyesha kwa kidole. "Tuliwaona kwa macho yetu. Si mngekata tu hapo katikati? Watu wazima mnatuzungushia chai yetu mlima mzima?"

Mama Jiko kwanza anawasha jiko. Anaweka birika. Kisha anachuchumaa mbele ya yule mama na kumweleza yote, kuanzia viatu alivyovua. Hapunguzi neno, haombi huruma. Anapomaliza, maji yanachemka.

"Kwa hiyo mimi ningepita hapo, mngefungiwa?" daktari anauliza.

"Ungepita wewe, mama, au ningepita mimi. Unyayo haujitaji jina."

Daktari anapokea kikombe kwa mikono miwili.

Asubuhi mbingu imeoshwa. Uwanda umefunguka wote kwa mkupuo: njano upande wa jua, zambarau kwenye mabonde, meupe yaliyotawanyika katikati. Wageni wanapiga picha wakiwa wamesimama kwenye mawe, na aliyetaka kuingia kwenye maua ananyakuliwa ukosi na daktari wa meno.

Mama Jiko hana muda wa picha. Anatembea ukingoni mwa mtaro, akikanyaga mawe tu, macho chini. Udongo umelowa, ungeshika hata alama ya paka. Anaukagua wote, mita mia mbili na kumi, na kukuta nyayo za ndege tu. Kati ya mistari ya mawe kuna vichipukizi vya kijani, vingine havizidi punje ya mchele.

Anapoinuka, daktari yuko nyuma yake. Ameshika jiwe kwa mikono yote miwili, pumzi zikimtoka.

"Hili naliweka wapi?"

"Hapo. Hapana, geuza. Bapa liangalie juu. Na udongo usiuguse kwa mguu, inama ufike kwa mkono."

"Mgongo wangu, jamani!"

"Meno ya watu unayainamia siku nzima, jiwe moja ndiyo linakushinda?"

Daktari anacheka, analala kifudifudi kwenye mawe ya ukingoni, ananyoosha mikono na kulitua jiwe mahali pake. Fomu yake ataijaza langoni. Mama Jiko hajamuuliza ataandika nini.

Tukianza kushuka, namuuliza atafanya nini siku zilizobaki zikipita salama na afisa asikute kitu.

Hafikirii. Anasema mwakani atapanda siku moja bila mzigo wowote, avae gauni, abebewe chai kama mgeni. Atamleta mama yake, ambaye ana miaka sabini na moja na hajawahi kuuona uwanda unaojaza udongo kwenye kucha za bintiye.

Namkumbusha aliniambia magoti ya mama yake ni mabovu.

"Mabovu sana," anasema, akiifunga kamba ya kifuani. "Tutatumia siku mbili, hata tatu. Na tutapita njia ya juu."