Chaneli ya Dada Yangu Mkunga

Dada yangu alizalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu magoti yalikuwa yamekwisha lakini sauti ipo, akaanza kuwafundisha wajawazito kwa simu, kwenye chaneli aliyoiita Taratibu Mama. Ndiyo maneno aliyokuwa akiwaambia leba, uchungu unapokaza. Mwanzoni alikuwa anapiga kelele mpaka nikamwambia, "Dada, simu si kiziwi."

"Nyamaza wewe, wengine wako mbali," akanijibu, tukacheka.

Wanawake walimletea maswali, mengine ya kumwambia Mungu peke yake. Aliyajibu bila kutaja mtu, na kila Jumamosi akafuta yote, maswali na majibu. "Ya leba hubaki leba," alisema. Hakuwahi kufikiri kwamba maneno ya faraja husajiliwa kama duka.

Siku moja chaneli ikafungwa. Barua kutoka kwa wenye mtandao ilisema Taratibu Mama ni alama ya biashara ya muuza dawa mmoja, anayesaga mizizi na kuifunga kwenye vipakiti. Alikuwa amelisajili jina lile kwa chaneli na kwa dawa.

Tulikwenda ofisi ya usajili, orofa ya tatu, dada akipumzika kila baada ya ngazi chache. Karani, binti mpole, alifungua jalada.

"Mama, ombi lake lilitangazwa kwenye gazeti la serikali. Mwenye pingamizi alipewa siku sitini. Hukuja."

"Mwanangu, gazeti hilo linauzwa wapi?"

Karani aliinamisha macho. "Bado unaweza kudai kwamba jina hilo ulilitumia kabla yake. Lete rekodi za zamani, zenye tarehe."

"Nimezifuta."

"Zote, mama?"

"Zote. Niliwaahidi."

"Basi wanawake wenyewe waje waandike, mbele ya wakili, walikuuliza nini, na lini."

Dada akasimama. "Mbele ya wakili, waandike mambo ya chumbani kwao? Hapana, mwanangu. Jina acha liende."

Tukishuka nilimgombeza. "Dada, wema wako huu utatuponza!"

"Wewe sali tu," akasema.

Nikasali. Mwezi uliofuata akaingia kwetu msusi wa nyumba ya tatu, mimba ya miezi minane, amejishika kiuno.

"Shikamoo, mama. Lakini dawa yako kali, jamani!"

"Marahaba. Dawa yangu ipi?"

Akatoa kipakiti. Kimeandikwa Taratibu Mama kwa herufi nyekundu. "Si hii ya kulainisha njia? Nimekunywa vijiko viwili asubuhi na jioni tangu juzi. Nilijua ni yako, ndiyo maana sikuogopa."

Dada alimlaza kwenye mkeka. Akaweka kiganja tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena, kisha akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Msusi akaacha kutabasamu.

"Anacheza, mama?"

Dada akanigeukia. Akaniambia niite gari.

Hospitali walimtoa mtoto alasiri. Alikuwa wa kike, nywele tele, na hakulia. Mungu amlaze pema.

Daktari alitoka na kipakiti mkononi, akauliza kimetoka kwa nani. Nilifungua mdomo nieleze habari za gazeti na siku sitini, maneno yakanichanganyika. Msusi, macho yamevimba, akainua mkono kutoka kwenye shuka na kumnyooshea kidole dada yangu.